KICHWA CHA TRENI KIINGIACHO KIGANJANI
Namna ya kuunganisha na kupaka rangi modeli ya rezini

  

Katika likizo ya Desemba kikundi chetu cha kazi za mikono kiliunganisha na kupaka rangi modeli ya kichwa cha treni, kitu chenye urefu usiozidi kidole cha shahada. Kifurushi chake kililetwa zawadi na mmoja wa ndugu zetu aishiye Uingereza. Tangu kiwekwe kwenye kabati la vitabu pale ofisini maswali hayakwishi. Hiki ni chuma au plastiki? Kinatembea kweli? Mbona rangi yake imetulia kama ya kiwandani? Na wazazi wawili wakauliza swali zito kuliko hayo yote: je, hii si sanamu? Makala haya ni majibu ya maswali hayo, na hasa yamwendee mwanafunzi anayetamani kufanya kazi kama hii, ajue inavyokwenda. Maana sehemu kubwa ya kazi yenyewe haionekani kabisa ukikitazama kitu kilichokwisha. Iko chini ya rangi.

JE, NI SANAMU?

Tuanze na hili kwa sababu ndilo la mbele. Imepokewa katika Sahihi mbili, Bukhari na Muslim, kwamba mtu mmoja ambaye riziki yake ilitokana na kutengeneza picha alimwendea Ibn Abbas (R.A.) kutaka kujua hukumu ya kazi yake. Ibn Abbas akamweleza onyo alilolisikia kwa Mtume (S.A.W.) juu ya watengenezaji picha, kisha akamwelekeza kwamba kama hana budi, basi atengeneze miti na vitu visivyo na roho. Kutokana na hayo wanazuoni wakaona hakuna ubaya kutengeneza umbo la kisicho na roho, kama vile jahazi, nyumba au gari. Kichwa cha treni kimo humo humo.

Lakini ndani ya kifurushi mlikuwa na kitu kimoja ambacho si treni. Kulikuwa na mtu mdogo wa madini laini, urefu wake milimita 22 hivi, ambaye ni dereva. Vifurushi vingi vya aina hii huja na mtu wa namna hiyo. Wanazuoni wametofautiana kuhusu maumbo ya watu wanapokuwa ni wanasesere wa watoto, kwa sababu ya hadithi mashuhuri ya Bibi Aisha (R.A.). Chetu si cha watoto kuchezea, ni cha kuwekwa kabatini. Kwa hiyo tulimwacha dereva kwenye kifuko chake, na treni haikupungukiwa na kitu. Mwenye kutaka kulifuatilia zaidi jambo hili na alilete darasa la fiqhi.

RELI NYEMBAMBA NI IPI?

Upana wa reli hupimwa baina ya pande za ndani za vyuma viwili. Upana unaotumika zaidi duniani ni milimita 1,435, na ndio wa treni ya umeme iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024. Reli iliyo chini ya kipimo hicho huitwa reli nyembamba. Kwa hiyo reli ya zamani ya Tanga, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893, ni nyembamba, maana ina milimita 1,000 tu. Vijireli vya mashamba ya katani vilikuwa vyembamba zaidi, kiasi cha milimita 600. Waulizeni wazee nyumbani. Sababu kubwa ya kujenga reli ya namna hii ni gharama. Reli nyembamba hukata kona kali na kuzunguka vilima bila kuhitaji kuchimba mahandaki mengi, na vichwa vyake ni vidogo na vyepesi.

Zanzibar ilikuwa na ya kwake mapema. Mwaka 1879 Sultan Barghash bin Said alijengewa reli ya upana wa futi 2, yaani milimita 610, kutoka kasri lake Mji Mkongwe hadi Chukwani. Mwanzo mabehewa yalivutwa na nyumbu, kisha mwaka 1881 akaagiza kichwa kidogo cha moshi kutoka kiwanda cha Bagnall, Uingereza. Na Waislamu wa dunia nzima wana sehemu katika reli nyembamba nyingine, ile ya Hijazi, iliyoanza kujengwa mwaka 1900 kwa amri ya Sultan Abdul Hamid wa Pili na kwa michango ya Waislamu wa nchi nyingi, ikafika Madina mwaka 1908. Upana wake ni milimita 1,050, kipimo kisichokuwa cha kawaida, kwa sababu reli ya Beirut hadi Damascus iliyotangulia ilikuwa na upana huo huo. Safari ya ngamia ya wiki nyingi kutoka Damascus ikawa ya siku chache. Kituo chake cha Madina kipo hadi leo, nacho kimefanywa makumbusho. Mwenye kujaaliwa kwenda Hija au Umra anaweza kukiona.

Ama kichwa tulichokiunganisha sisi ni cha aina iliyovuta mawe ya sleti huko Wales. Sleti ni jiwe linalopasuliwa mabamba membamba ya kuezekea paa. Machimbo yake yalikuwa milimani, na vichwa hivyo vilikuwa na magurudumu manne tu, na tangi la maji limekaa juu ya boila kama tandiko juu ya punda. Reli nyingi za huko zilikufa biashara ya sleti ilipoanguka. Mwaka 1951 watu wa kujitolea waliichukua reli iitwayo Talyllyn na kuiendesha wenyewe, ikawa ya kwanza duniani kuokolewa kwa njia hiyo. Mapenzi ya modeli za reli nyembamba yalikua pamoja na juhudi hizo. Huko hii ni kazi ya watu wazima, wakiwemo mafundi na wastaafu, si mchezo wa watoto peke yao.

HESABU KWANZA

Modeli yetu ni ya kipimo cha 1 kwa 76, yaani kila milimita 76 za kitu halisi zimekuwa milimita 1. Kichwa cha mita 4 kinakuwa na sentimita 5 na kidogo. Reli ya futi 2 ingepaswa kuwa na milimita 8, lakini wenye modeli hutumia reli ya milimita 9, kwa sababu magurudumu na mota za kipimo hicho zinapatikana tayari madukani. Milimita 9 zikizidishwa kwa 76 zinatoa milimita 684, ambayo ni karibu sana na futi 2 na inchi 3. Kwa bahati njema huo ndio upana wa ile reli ya Talyllyn. Kwa reli nyingine ni makosa madogo ambayo watu wameyakubali. Mwenye kutaka reli ya Hijazi atatumia kipimo cha 1 kwa 87 na reli ya milimita 12. Gawanya mwenyewe 1,050 kwa 87 uone.

Hesabu hii si ya kujifurahisha. Ukipaka rangi nene, unene wa nusu milimita, ni sawa na kukipaka kichwa halisi udongo wa unene wa milimita 38. Misumari yake yote ingezama. Kila nitakalolieleza huko chini kuhusu rangi nyepesi na subira linatokana na hesabu hiyo.

REZINI NI KITU GANI?

Plastiki za kawaida, kama ndoo na midoli ya dukani, hutengenezwa kwa kusukuma plastiki iliyoyeyushwa ndani ya kalibu ya chuma. Kalibu hiyo ni ghali mno, na haina maana isipokuwa utauza maelfu. Sasa ni nani atanunua maelfu ya kichwa cha machimbo ambacho hata huko Wales vilikuwa vichache? Hapo ndipo rezini inapoingia. Ni vimiminika viwili vinavyochanganywa na kumiminwa ndani ya kalibu ya mpira wa silikoni, navyo baada ya muda mfupi vinashikana na kuwa kigumu. Kalibu ya silikoni ni rahisi, mtu mmoja anaweza kuitengeneza katika karakana ya nyumbani, lakini huchakaa baada ya kutoa makumi machache tu ya vipande. Siku hizi kuna pia rezini inayochapwa na mashine, tabaka juu ya tabaka, ikigandishwa kwa mwanga. Hiyo huacha mistari myembamba kama ya alama za vidole ambayo lazima isuguliwe.

Rezini ina tabia zake. Haiyeyuki kwa gundi ya kawaida ya modeli za plastiki, hivyo gundi hiyo haifai kitu hapa. Ni ngumu lakini huvunjika sehemu nyembamba. Hupinda ikipata joto. Ndani yake huweza kuwemo viputo vya hewa. Na juu ya ngozi yake hubaki mafuta yaliyopakwa kwenye kalibu ili kipande kitoke bila kunata. Mafuta haya huyaoni wala huyasikii kwa kidole, nayo ndiyo adui wa kwanza wa rangi.

KUOSHA, KUNYOOSHA, KUSUGUA

Kwanza vipande vyote vilihesabiwa kwa kulinganishwa na karatasi ya maelekezo: mwili wa kichwa, kibanda cha dereva, paa, bamba la chini, dohani, kuba la mvuke, na kifuko cha vitu vidogo vya madini. Kisha viliogeshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, vikapigwa mswaki mkuukuu kila pembe, vikasuuzwa na kuachwa vikauke juu ya taulo usiku mzima. Yasiwe maji ya moto, kwani yatapindisha kisichopinda. Vijana walitaka kuiruka hatua hii kwa kuwa vipande vilionekana visafi. Nikawaambia wapake rangi kwenye kipande cha taka kisichooshwa, na siku ya pili wakaibandua kwa utepe wa gundi yote kama ganda la ndizi.

Bamba la chini lilikuja limepinda kama upinde. Dawa yake ni rahisi: kitie kwenye maji ya moto yasiyochemka kwa sekunde chache mpaka kilainike, kilaze juu ya kigae kilichonyooka, kibane kwa kigae kingine, kisha kimiminie maji baridi. Mambo hayo hufanywa na mtu mzima.

Baada ya hapo huondolewa vipande vya ziada na ngozi nyembamba zilizobaki pembeni, kwa kisu chenye makali, tupa ndogo na msasa. Hapa nawaomba wazazi wasome kwa makini. Vumbi la rezini ni laini sana na halifai kuvutwa. Linawasha koo na mapafu, na mwenye pumu litamdhuru haraka. Hivyo sisi hatusugui kavu hata siku moja. Msasa wa maji namba 400, kisha 600, kisha 1,000, unachovywa kwenye bakuli la maji, na vumbi linabaki kuwa tope. Barakoa huvaliwa hata hivyo. Meza hupanguswa kwa kitambaa chenye maji, haifagiliwi. Kwa rezini ile ya kuchapwa na mashine kuna la ziada: ikiwa haijagandishwa sawasawa, hunata, nayo huweza kuifanya ngozi ichukie daima, kwa hiyo isishikwe bila glavu. Mwili huu ni amana tuliyopewa, na hakuna modeli yenye thamani ya pafu moja.

Matundu ya viputo huzibwa kwa puti ya magari, ile laini, au kwa tone la supaglu lililonyunyiziwa poda ya mtoto. Ya pili hukauka papo hapo, lakini isugue siku hiyo hiyo, kwani ikilala inakuwa ngumu kuliko rezini yenyewe na msasa utakula pembeni badala ya kuila.

CHASISI NA KUUNGANISHA

Modeli hizi kwa kawaida hazina mota. Mnunuzi hutafuta chasisi iliyokamilika, yenye magurudumu na mota ya volti 12, nyingi zikitoka Japani kwa kampuni kama Kato, na mwili wa rezini huvikwa juu yake. Umeme hupita kwenye reli, ukapanda kwa magurudumu hadi kwenye mota. Chasisi ijaribiwe kabla ya kitu kingine chochote, mbele nusu saa na nyuma nusu saa, maana ikiwa mbovu ni bora irudishwe ikiwa haijaguswa. Halafu mwili ujaribiwe juu yake bila gundi. Ukigusa gia au kulalia gurudumu, chonga ndani kidogo kidogo.

Rezini ni nyepesi, na kichwa chepesi magurudumu yake huteleza pale pale bila kuvuta hata behewa moja. Kwa hiyo ndani ya tangi hutiwa uzito. Wengi hutumia risasi, lakini risasi ni sumu. Sisi tulitumia vipande vya nati za chuma vilivyoshikwa kwa epoksi, na vinatosha.

Vidude vidogo vilikuja vya madini laini na waya wa shaba ya manjano. Matundu ya vishikio hutobolewa kwa biti ya nusu milimita inayozungushwa kwa vidole, si kwa keekee ya umeme, kisha waya hukatwa, hukunjwa na kutiwa. Dohani ndiyo inayohitaji jicho kuliko vyote. Ikiinama hata kidogo, kichwa kizima huonekana kimelewa. Isimamishe kwa guni ya seremala, itazame kutoka mbele, kisha ubavuni, na utumie epoksi ya dakika 5 badala ya supaglu ili upate nafasi ya kuirekebisha.

GUNDI, RANGI NA UDHU

Kabla ya kufika kwenye rangi kuna jambo ambalo halikuandikwa kwenye karatasi yoyote ya maelekezo, nalo kwetu ni la lazima. Supaglu ikikauka kwenye kidole, na rangi ya mafuta ikikauka kwenye ukucha, huwa ni ganda linalozuia maji kufika kwenye ngozi. Kama tulivyosoma katika masharti ya udhu, chochote chenye mwili kinachozuia maji kukifikia kiungo lazima kiondolewe kwanza. Ama ikibaki rangi tu, doa lisilo na ganda kama la hina, halidhuru. Kijana akitoka mezani saa tisa na nusu na kukimbilia msikitini na vidole vyenye gundi, swala yake ya Alasiri iko mashakani na yeye hana habari.

Basi vaeni glavu nyembamba. Rangi ya maji hutoka kwa sabuni. Rangi ya mafuta hutoka kwa tapentaini kidogo, kisha sabuni. Supaglu hulainika kwa asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, au kwa kuloweka kidole kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni na kusugua taratibu kwa mafuta ya kupikia. Msivute kwa nguvu, ngozi itachunika. Ikiwa haitoki ila kwa kujidhuru, mwoneni mwalimu wa fiqhi kabla ya swala, msijiamulie. Asetoni isiguse modeli, huharibu rangi na huweza kuilainisha rezini. Na yote haya, tapentaini, asetoni na makopo ya kupulizia, hushika moto upesi. Kazi ifanywe palipo na hewa, mbali na jiko.

RANGI

Modeli iliyounganishwa huogeshwa tena, na baada ya hapo haishikwi kwa vidole vitupu. Tuliibandika juu ya kopo tupu kwa utepe ili tulizungushe kopo badala ya kuigusa.

Rangi ya kwanza ni praima ya kijivu ya kopo la kupulizia. Ina kazi mbili. Inaishikilia rangi ya juu, na inafichua aibu. Rezini kwa kuwa ina rangi ya maziwa huficha mikwaruzo, lakini ikishavaa kijivu kila mkwaruzo, kila kiputo na kila unyufu unaonekana. Hapo mtu huvunjika moyo, kumbe ndiyo faida yake. Ziba, sugua kwa maji, kausha, puliza tena. Sisi tulirudia mara tatu. Hatua hii peke yake ilichukua siku nyingi kuliko kuunganisha kote.

Namna ya kupuliza: tikisa kopo dakika 2 kamili. Simama umbali wa sentimita 25 hivi. Anza kupuliza nje ya modeli, pitisha mkono kwa mwendo mmoja, na uachie ukiwa umeshatoka upande wa pili. Ukianzia juu ya modeli yenyewe, tone la kwanza litadondoka hapo. Mpulizo wa kwanza uwe kama vumbi tu, rezini ionekane chini yake. Subiri dakika 15, rudia. Mipulizo minne myepesi ni bora kuliko mmoja mzito, na mkumbuke ile hesabu ya milimita 38.

Vitabu vya Uingereza huonya juu ya baridi. Shida yetu watu wa pwani ni unyevu. Hewa ikiwa na maji mengi, rangi ya kopo hukauka ikiwa na ukungu mweupe, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Tusipulize alfajiri wala baada ya mvua. Wakati mzuri ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, siku kavu, ndani ya boksi kubwa lililofunguliwa upande mmoja ili upepo usilete mchanga. Masika waachieni wenye kulima.

Rangi za juu tulizipaka kwa brashi, rangi ya maji iliyopunguzwa mpaka ikawa kama maziwa. Mwili ni kijani kiza, bamba la chini na dohani ni nyeusi, mihimili ya mbele na nyuma ni nyekundu. Nyekundu ina hila zake. Huonyesha kilicho chini yake, kwa hiyo juu ya kijivu hutoka kama damu iliyokauka. Paka nyeupe kwanza, kisha nyekundu juu yake. Na nyeusi isiwe nyeusi kabisa. Kitu kikubwa kikitazamwa kwa mbali weusi wake hufifia kwa sababu ya hewa iliyo katikati, na modeli ni kama kitu kinachotazamwa kwa mbali. Nyeusi iliyotiwa kijivu kidogo huonekana ya kweli zaidi. Pale rangi mbili zinapokutana hubandikwa utepe wa karatasi wa mafundi rangi, ukakandamizwa kingo kwa ukucha, na kubanduliwa rangi ikiwa haijakauka sana.

Namba za ubavuni ni picha za kubandika kwa maji. Zikibandikwa juu ya rangi isiyong'aa, hewa hubaki chini yake na kuleta weupe. Hivyo hupakwa vanishi ya kung'aa kwanza, picha zikabandikwa, kisha vanishi isiyong'aa juu ya yote.

Mwisho ni uchafu, na hapo vijana walibishana. Baadhi walisema ni haramu kukichafua kitu kilichosafishwa kwa wiki tatu! Si haramu, ila ni suala la kupenda. Kichwa cha machimbo hakikuwa kinang'aa. Kilikuwa na masizi juu ya paa, kutu kwenye mihimili, na michirizi ya maji ya chumvichumvi chini ya mfuniko wa tangi. Rangi ya kahawia iliyopunguzwa sana hupakwa na kufutwa mara moja kwa kitambaa, ikabaki kwenye mifereji tu. Kwa masizi tulitumia unga wa mkaa uliosagwa, tukaupaka kwa brashi kavu kuzunguka dohani. Maoni yangu ni kwamba kidogo kinatosha. Anayepaka kutu kila mahali amesahau kwamba kichwa kile kilikuwa na fundi wake aliyekipangusa kila asubuhi.

BILA KIFURUSHI

Vifurushi hivi haviuzwi hapa na bei yake pamoja na usafirishaji si ya mwanafunzi. Sishauri mzazi yeyote aingie gharama hiyo. Bali karibu kila nilichokieleza, kuanzia hesabu ya kipimo hadi msasa wa maji, praima na rangi nyepesi, hufanya kazi vilevile kwenye kichwa kilichokatwa kwa vipande vya dari za plastiki, bomba la maji la nusu inchi kwa boila na kifuniko cha kalamu kwa dohani. Kikundi kitakapokutana tena, In shaa Allah, tutajaribu kuunda kwa vitu hivyo treni ya Sultan Barghash, yenye mabehewa ya nyumbu kwanza. Nyumbu wenyewe, kwa sababu zilizotajwa juu, hawatakuwepo.

Kichwa cha sleti kipo ofisini kwenye rafu ya pili. Hupanguswa vumbi kwa brashi laini kila Ijumaa, na hakiwekwi dirishani kwa kuwa jua la mchana huweza kukipinda. Wanaotaka kukiona kikitembea kwenye kipande chake cha reli waje Jumamosi baada ya Alasiri.

Wabillahi tawfiiq.